Mume Wangu Amelala kwa Nani

Emmaculate Nafuna na mumewe walikuwa na saa moja tu kwa siku ya kukaa pamoja, na saa hiyo redio ikaja kuiharibu.

Wamalwa, mumewe, alikuwa soja wa usiku kwenye ghala moja la mbolea huko Thika. Akitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu alikuwa nyumbani Ruiru, anavua buti mlangoni huku macho yakimuwasha kwa usingizi. Nafuna naye alishona sare za shule katika karakana moja karibu na soko, na kufikia saa moja na nusu ilikuwa lazima awe ametoka. Hapo katikati ndipo walipokuwa mke na mume. Chai ya maziwa mezani, viazi vitamu kwenye sahani, na juu ya kabati redio ndogo imefunguliwa Redio Vinanda kwa sauti ya chini. Hawakuongea sana. Walisikiliza.

Wengi hawakuelewa. Maggie, jirani aliyeuza mboga nje ya geti, aliwahi kumuuliza, "Mama Trizah, hizo nyimbo hata hazina maneno. Mnasikianga nini?" Nafuna alicheka, akachukua sukuma wiki yake, akaenda zake. Angeanzia wapi kueleza? Angeanzia Kimilili, kwenye parokia ambako padri mmoja mzee aliwafundisha wanakwaya kusoma noti ubaoni kwa ncha ya fimbo. Alipopewa sauti ya pili alilia, kwa kuwa alitaka ya kwanza. Ilipofika Krismasi, hakutaka kusikia habari ya sauti nyingine yoyote. Mwaka wa 1990 alikuja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na alipopata chumba, kitu cha pili alichokitafuta kilikuwa kwaya. Humo ndimo alimokutana na Wamalwa, besi mrefu, mwembamba, asiyekosa mazoezi hata jino likimuuma. Wakaoana, wakamzaa Trizah. Kiwanda kikafungwa, Wamalwa akaingia kazi ya usiku, na kwaya ikamponyoka kwa sababu saa za mazoezi ndizo saa za kwenda kulinda.

Kwa hiyo Redio Vinanda ilipoanza kurusha muziki wa klasiki asubuhi, Wamalwa alipata kitu alichodhani amekipoteza. Kipindi kiliitwa Pambazuko na mtangazaji wake alikuwa Gachau, mtu mwenye sauti ya polepole. Alitaja kipande, akataja nani anapiga fidla na nani anapiga piano, kisha akanyamaza mpaka kiishe. Hata kama ni dakika arobaini, alinyamaza. Mwisho wa kipindi alisoma salamu: za Nzioka wa Ngoliba, anayesikiliza akikamua ng'ombe, za Nafuna wa Ruiru na mzee wake, aliyetoka kazini. Kwa miaka sita Nafuna alituma salamu zake kila Jumatatu, na kwa miaka sita Gachau alizisoma.

Januari moja, siku ya Jumatatu, walifungua redio wakakuta king'ora.

"Niaje wasee! Amka na Njau iko hewani! Leo tunauliza, ukipata meseji ya mpango wa kando kwa simu ya bwana yako, utafanya nini? Pigeni simu!"

Wamalwa alidhani mkewe amegusa kitufe. Akainuka, akaangalia. Ilikuwa Redio Vinanda ileile. Nyuma ya maneno ya huyo Njau kulikuwa na fidla, nzuri kweli, lakini imeshushwa chini kabisa kama maji ya bomba la jirani. Mwanamke mmoja akapiga simu akilia kwamba dadake amemnyang'anya mume. Njau akacheka. Fidla ikakatwa katikati, likaja tangazo la kucheza kamari.

"Gachau ako wapi?" Wamalwa akauliza.

Redioni hakuna aliyesema. Hakuagwa, hakutajwa, kana kwamba hajawahi kuwapo. Nafuna akajiambia labda ni wiki moja. Ikawa mwezi. Ikawa miezi mitatu ya ndoa za watu kuvuliwa nguo saa moja kasoro asubuhi, na kila kipande cha muziki kukatwa kabla hakijafika popote. Hicho ndicho kilichomchoma zaidi. Mtu anayejua wimbo anajua unakoelekea. Mwili wake umeshajiandaa kupokea ile sehemu, halafu inakuja honi na kicheko. Nafuna alikuwa akienda karakanani na taya zimemkaza, anashona mishono ya hasira, na mara mbili alilazimika kufumua kola.

Aliandika ujumbe kwa simu, haukusomwa. Akaandika barua kwa mkono, kurasa mbili, akaipeleka posta mwenyewe. Kimya. Akatafuta namba ya Nzioka wa Ngoliba kupitia kwa mwanakwaya mmoja wa kwao, akampigia ingawa hawakuwa wamewahi kuonana.

"Ai, ni Nafuna mwenyewe?" Nzioka alisema. "Mama, mimi nimeandika mara tano. Hata ng'ombe wamekasirika. Sikutanii, huyu mweusi hashushi maziwa sawasawa huyo kijana akianza kupiga kelele."

Mwezi wa nne, asubuhi moja Njau alifungua laini za simu akauliza, "Ni kitu gani kinakunyima usingizi?" Wamalwa alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kikombe. Nafuna hakuwa mtu wa kupiga simu redioni, lakini siku hiyo alichukua simu, akapiga, na kwa bahati akapokewa.

"Mathe, uko live! Tuambie!"

"Mimi ni Nafuna wa Ruiru. Mume wangu anatoka kazi ya usiku. Anataka kusikia muziki apumzike. Sisi hatukufungua hii redio kusikia nani amelala kwa nani. Mna muziki mzuri na mnaukata kama nyanya. Rudisheni Pambazuko. Na mtuambie Gachau alienda wapi."

Njau akapiga kicheko. "Mathe amewaka! Sawa, tumekuskia." Laini ikakatwa.

Wamalwa alimtazama mkewe kwa macho mapya. "Umesema vizuri," akasema, na siku hiyo Nafuna alienda kazini akiwa mwepesi.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya habari za saa moja, redio ilicheza kitu kipya. Ngoma, honi, halafu sauti ya mwanamke, wazi kabisa: "Mume wangu... amelala kwa nani?" Watu wakacheka. "Amelala kwa nani? Amelala kwa nani?" Na Njau akamalizia, "Pata jibu hapa, Amka na Njau!"

Kikombe kilimponyoka Nafuna. Ilikuwa sauti yake.

Walikuwa wamechukua maneno mawili hapa na matatu pale, wakayashona. Kilichomtia baridi ni jinsi yalivyoshonwa. Pumzi ilikuwa mahali pake. Sauti ilipanda pale ambapo ingepanda. Fundi wa kawaida angeacha pengo, angekata herufi. Aliyefanya hivi alikuwa na sikio la mwanamuziki. Hata yeye mwenyewe, kama asingejua alichokisema, angeapa kwamba amekisema.

Ilirushwa mara nne kabla ya saa mbili. Kufikia jioni Maggie alikuwa amemngoja getini.

"Haiya, Mama Trizah, ni wewe kwa redio? Ngai! Kwani Baba Trizah haendangi kazi usiku?"

"Anaenda kazi, Maggie! Wamenikata!"

"Mimi naamini," Maggie akasema, lakini alikuwa anaangalia nyanya zake.

Sokoni walimwimbia. Karakanani msichana mmoja aliigiza akifikiri Nafuna hayupo. Hayo angeyameza. Hakuweza kuyameza ya Wamalwa. Mwanamume anayelala nje ya nyumba yake usiku mia tatu kwa mwaka, akilinda mbolea ya watu na rungu mkononi, sasa masoja wenzake walimpokea kila jioni kwa swali moja: leo unalala kwa nani? Hakumwambia mkewe. Nafuna alijua tu kwamba ameanza kuchelewa. Saa moja ikafika hajaja, saa moja na nusu, na Nafuna akaondoka akiacha chai imefunikwa. Siku ya kumi na moja alimngojea kwa nguvu, akachelewa kazini kwa makusudi.

"Unakunywa chai wapi?" akamuuliza alipoingia.

"Kwa kibanda, pale steji ya matatu."

"Kwa nini?"

Wamalwa alikaa juu ya stuli akaanza kuvua buti, polepole. "Kazini wananiuliza kila jioni nalala kwa nani, na nikiingia hapa nasikia hiyo kitu, Nafuna. Hata ukizima redio bado naisikia. Pale kibandani wanacheza nyimbo za kanisa."

"Twende Thika tuwaambie waiondoe."

"Wacha tu. Itaisha."

Nafuna alimkasirikia pia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwa ule upole wake wa kubeba kila kitu kama gunia. Lakini hakumwambia neno. Alimpigia Nzioka.

Asubuhi ya pili walikutana Thika, Nzioka akiwa na gambuti na sweta iliyofifia, wakapanda ngazi za jumba lenye duka la vifaa vya ujenzi chini na Redio Vinanda juu. Mapokezi waliambiwa wangoje. Kabla hawajakaa, kijana mwenye kofia alipita, akasikia Nafuna akijitaja kuwa Nafuna wa Ruiru, akageuka mikono wazi.

"Mathe! Ni wewe? Wewe ni staa! Kuja tupige picha!"

"Usiniguse," Nafuna alisema, na Njau akarudi nyuma hatua mbili.

Aliyewapokea ofisini alikuwa Warigia, meneja wa vipindi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu. Aliwapa viti na maji.

"Mama, pole kama umeumia. Lakini ile ni promo tu, ya kutangaza kipindi. Watu wameipenda sana."

"Watu gani?"

"Wasikilizaji. Tulifanya utafiti mwaka jana." Warigia alionekana kufurahi kupata kitu cha kueleza. "Unajua, siku zote tulidhani asubuhi tunasikizwa na madaktari, maprofesa, watu wa estate kubwa kubwa. Tulishangaa. Tukapata ni masoja, wapishi wa shule, watu wa ng'ombe, washonaji kama wewe. Sasa tukaona, wasikilizaji wetu ni watu wa kawaida, wacha tuwape kitu chao."

Nafuna aliweka glasi ya maji chini.

"Mlitupata tunasikiliza nini?"

"Pambazuko."

"Mlitupata tunasikiliza fidla. Kila siku, miaka sita. Hakuna aliyetulazimisha. Halafu mkaangalia kazi zetu, mkasema hawa hawawezi kuwa wanapenda fidla, hawa ni wa umbea."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo!" Sauti yake ya pili, iliyozoea kukaa chini ya nyingine, ilijaza chumba. "Daktari angesikiliza mngemwachia. Soja akisikiliza mnamwondolea! Mnadhani masikio yetu yamevaa yunifomu?"

Nzioka alikohoa. "Mimi nina shamba Ngoliba," akasema. "Kule mvua ikikosa hatuna kitu. Hicho kipindi ndicho kitu kizuri nilikuwa napata bure. Sikuwaomba umbea. Umbea tunao wa kutosha."

Warigia alikunja midomo. Akasema format, yaani mpangilio wa vipindi, ni uamuzi wa kampuni. Nafuna akasema sawa, tuanze na dogo: nani alikata sauti yangu?

"Hayo ni mambo ya production."

Njau, aliyekuwa ameegemea mlango, akainua mikono. "Mathe, si mimi. Mimi siwezi kazi safi vile. Ni mzee Gachau."

Nafuna alidhani hakusikia vizuri. Lakini Njau alikuwa tayari ameelekeza kidole upande wa pili wa ukumbi, na huko, nyuma ya kioo, mzee mmoja mnene kidogo, mwenye vipokea sauti shingoni, alikuwa amesimama akiwaangalia. Hakuwahi kuiona sura yake. Alipofungua mlango akasema "Habari yako, mama," aliijua sauti mara moja. Ilikuwa imemkaribisha asubuhi elfu moja na zaidi.

"Wewe," Nafuna alisema.

"Mimi."

"Tulikuwa tunauliza uko wapi. Nilipiga simu, nikauliza uko wapi. Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa. Waliniambia nichague, nikae chumba cha kukatia sauti ama nitoke. Nina miaka hamsini na sita, mama. Nikakaa."

"Na ulipokata sauti yangu, ulijua ni nani?"

Gachau angeweza kudanganya. Kwa muda ilionekana kama atadanganya. "Nilijua," akasema. "Ulisema jina. Nafuna wa Ruiru na mzee wake, aliyetoka kazini. Nilijua."

"Na ukakata."

"Nikakata."

"Vizuri hivyo? Hata pumzi ukaiweka mahali pake?"

Gachau aliinamisha kichwa. Nzioka akageuza uso, akaanza kuangalia ukuta.

Hasira ya kumkasirikia Njau, Nafuna alikuwa ameizoea, ilikuwa kama hasira ya jua kali. Hii ilikuwa nyingine. Miezi minne alikuwa akimpigania mtu huyu, akimwandikia barua, akimwombea kanisani asiwe amekufa, na mtu mwenyewe alikuwa ameketi hapo na wembe.

"Mume wangu hanywi chai nyumbani kwake," akamwambia. "Anajificha kibandani. Amelinda ghala miaka kumi na nane, hajawahi kuiba hata kamba. Sasa anaitwa mzinzi na watu alioshika nao zamu, na wewe ndiye uliyewapa maneno. Kijana huyu ni mjinga, hajui. Wewe unajua."

Nafuna akakaa tena kwenye kiti. Akasema anataka mambo mawili. Ile promo iondolewe leo. Na kesho, saa moja kasoro robo, wakati masoja wametoka zamu na redio ziko wazi, Gachau aseme hewani alichofanya, kwa sauti yake, kwa jina lake.

"Ya kwanza tunaweza," Warigia alisema. "Ya pili haiwezekani."

"Basi tutangoja."

Wakangoja, yeye na Nzioka, kwenye kochi la mapokezi. Saa nne, saa tano. Askari wa jengo aliitwa kuwatoa. Alipoelezwa kisa alimtazama Nafuna, akasema ghafla anahitajika chini, akashuka. Karibu saa sita wakaja wanaume watatu wenye suti, watu wa kampuni ya kamari iliyodhamini kipindi. Nafuna alisimama, akawanyoshea mkono. "Karibuni. Mimi ndiye mwanamke wa amelala kwa nani. Kaeni niwaeleze vile ilitengenezwa." Warigia alitoka ofisini mbio.

"Kesho saa moja kasoro robo," akasema. "Dakika moja. Tafadhali, mama, nenda nyumbani."

Usiku huo Nafuna alimpigia mumewe kazini, akamwambia kesho aje moja kwa moja. Wamalwa akaja. Hawakugusa viazi. Saa ilipofika, Gachau alisema jina lake, akasema alichukua maneno ya Emmaculate Nafuna wa Ruiru, akayakata na kuyaunga ili yaseme kitu ambacho hakukisema, na kwamba mumewe ni mtu mwaminifu aliyekuwa kazini. Hakujitetea. Alipomaliza alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuongeza neno, na hapo Njau akarukia kwa honi. "Okeeey! Mzee ametubu! Turudi kwa mpango wa kando!"

Wamalwa alinyosha mkono akazima.

"Wenzangu watakuwa wamesikia?"

"Waliosikia ile watakuwa wamesikia na hii."

Masoja wawili walimwomba msamaha jioni hiyo. Wa tatu, Oluoch, aliendelea kumuuliza lile swali hadi Wamalwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipomwambia anyamaze kwa sauti ya besi iliyosikika hadi barabarani. Akaanza tena kunywa chai nyumbani.

Pambazuko haikurudi. Mwisho wa mwezi Gachau alitolewa, na siku iliyofuata akampigia Nafuna. Mara mbili Nafuna hakupokea. Ya tatu akapokea.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua. Sikukupigia kwa hiyo. Nina nakala ya ule utafiti wa wasikilizaji. Na niko tayari kuandika na kutia sahihi kwamba nilitumwa kukata sauti yako."

"Lete."

Aliuleta Jumamosi, kwenye bahasha ya kaki. Nafuna alimpokea getini, akazihesabu kurasa moja moja, akachukua kalamu ya Gachau akaandika tarehe chini ya sahihi, akamrudishia. Hakumkaribisha chai. Gachau alisimama kidogo kana kwamba angekaribishwa, halafu akaenda.

Wiki tatu zilizofuata, kila Jumamosi Nafuna na Nzioka walitafuta sahihi za kudai Pambazuko irudi. Huko Theta mwalimu mmoja mstaafu aliwakusanyia jirani zake kumi na wawili. Kule Kamakis, mchomaji nyama mmoja aliyeitwa Calvince alisema alikuwa akisikiliza Pambazuko akiwasha makaa asubuhi, na tangu iondolewe anawasha moto kimya. Aliandika jina lake kwa vidole vyenye mafuta, kalamu ikiteleza. Mwingine aliwaambia huo ni muziki wa wazungu, waache kujifanya. Nafuna alimuuliza hiyo suruali ameivaa ni ya kabila gani. Walipata sahihi mia mbili na sitini.

Sahihi, utafiti na barua ya Gachau walivipeleka vyote Nairobi, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia utangazaji. Karani aligonga muhuri, akasema jibu hutolewa ndani ya siku tisini. Nafuna alimwomba aandike tarehe ya siku ya tisini kwenye nakala yake, aandike kwa mkono wake na jina lake chini. Karani akaandika.

Siku hizo tisini bado hazijaisha. Asubuhi wanakunywa chai, redio imezimwa juu ya kabati. Wamalwa husema kimya nacho si kibaya, mtu anapumzika. Nafuna humwambia ni kibaya sana, na asithubutu kukizoea.